Joho Lililofuliwa

Siku Natércia alipoingia nyumbani kwetu mara ya kwanza, alitupa pole ya msiba.

Tulikuwa tumerudi kutoka kwenye sherehe za kufungua mwaka wa masomo, wote saba tumevaa suti nyeusi na majoho meusi yanayofika vifundoni. Tumechoka, tumejazana jikoni tukisubiri supu. Mlango ukagongwa, akaingia msichana mfupi mwenye mkoba mkubwa kuliko mgongo wake. Akatutazama mmoja mmoja, akaweka mkono kifuani.

"Poleni sana," akasema kwa sauti ya chini. "Sikujua kama nyumba ina msiba. Nitarudi siku nyingine."

Tomé, mwenzetu anayesomea udaktari, alikuwa na divai mdomoni. Nusu yake ilimtokea puani.

"Msiba tunao," akasema alipopata pumzi. "Mtihani wa anatomia. Karibu dada, tulie pamoja."

Tukaangua kicheko mpaka Bi Zulmira, mpishi wetu, akapiga mwiko kwenye sufuria ili tunyamaze. Aliyebaki bila kucheka ni Gaspar peke yake. Alikuwa amekaa pembeni na joho lake mabegani kama kawaida, akimtazama yule mgeni kana kwamba amemwita kwa jina ambalo halijui mtu mwingine.

Hapa Coimbra, Ureno, nyeusi ni sare ya mwanafunzi, wala hatuioni tena. Mimi ni mzaliwa wa Covilhã, mji wa sufu kule milimani. Nilikuja hapa nikiwa msichana mdogo wa mkoani anayejua kila kitu, nikavaa joho kama wenzangu, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza tunafanana na nini mbele ya mtu atokaye mbali. Natércia aliniambia baadaye kwamba tunafanana na kunguru, ila kunguru hutembea kwa adabu zaidi.

Alikuwa amekuja kuomba chumba. Nyumba yetu ni jamhuri, ndivyo zinavyoitwa nyumba za namna hii mjini kwetu: wanafunzi wanaishi pamoja, wanakula chungu kimoja na kujitawala wenyewe. Yetu ni Jamhuri ya Ngazi Mbovu, jina lisilohitaji maelezo kwa yeyote aliyepanda orofa ya pili amebeba mtungi wa gesi. Na kwa kuwa tunajitawala, tuna sheria. Anayetaka chumba hula nasi mwezi mzima, tumjue naye atujue. Kisha Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, kila mkazi anapiga kura kwa glasi yake. Glasi iliyosimama ni ndiyo, iliyofunikwa ni hapana, na hapana moja inatosha.

Tulimweleza haya yote akiwa amesimama na mkoba wake mgongoni. Akasikiliza, kisha akauliza swali, na nadhani tangu siku hiyo hakuacha kuuliza.

"Na asiyekunywa divai anapiga kura kwa nini?"

"Kwa glasi ya maji," nikamjibu.

"Basi mna haki," akasema, akavua mkoba, akakaa.

Natércia Ximenes alitoka Maubisse, kwenye milima ya Timor, kisiwa cha huko Asia, akiwa na msaada wa masomo wa serikali yao ambao kwa bei za vyumba vya Coimbra ulikuwa mzaha. Kwa muda huo alikodi kitanda kwa mama mmoja mjane ng'ambo ya mto, lakini kijana wa yule mama alikuwa anarudi kutoka Ufaransa mwishoni mwa Novemba na chumba kilikuwa chake. Vyumba vingine alivyotembelea vilimshinda bei. Asipopata kwetu, ingembidi arudi kwao kabla ya Krismasi.

"Siwezi kurudi," aliniambia siku moja tukipanda zile ngazi ndefu za kwenda chuoni, mimi nahema, yeye hata jasho hana. "Baba alichinja nyati kuniaga. Ukoo mzima ulikula. Nitawaambia nini, watapike?"

Nilimpenda hapo hapo, ingawa alinichosha. Kila kitu kwake kilikuwa na mlango, na kila mlango aliugonga. Kwa nini kengele ya chuo tunaiita Mbuzi? Kwa nini tunakula samaki mkavu wa chumvi na bahari iko karibu, inaleta samaki wabichi kila siku? Kwa nini mtu humwambia mwenzake "tutaonana" halafu hasemi wapi? Na hili ndilo lililomshangaza kuliko yote: kwa nini ndani ya nyumba zetu kuna baridi kuliko nje?

"Wazungu si wana vyombo vya kupasha nyumba joto?" akauliza, amejifunika blanketi mbili mezani.

"Hao ni wazungu wa kaskazini," Tomé akamjibu. "Sisi tuna mablanketi na malalamiko."

Wiki zake za kwanza zilikwenda hivyo. Alijifunza kusukuma sinia kwenye foleni ya kantini bila kupitwa na wajanja. Alijifunza kwamba soksi zikifuliwa Novemba zinakauka Januari. Alijifunza kunywa supu ya viazi na sukuma wiki bila kuuliza kipande kimoja cha soseji kinatosha watu wangapi. Mimi nami, kwa kujibu maswali yake, nilianza kuona vitu nilivyokuwa navipita kila siku. Nilikuwa nimekaa mjini hapa miaka mitatu sijawahi kutazama juu nikipita chini ya lango la chuo. Yeye alitazama siku ya kwanza, akanionyesha ndege walivyojenga viota ndani ya taji la mfalme wa mawe.

Jina la mtu halikumtoka bila kutanguliwa na udugu. Mimi nilikuwa dada Salomé, Tomé kaka Tomé, na hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyejua kujifunga kamba za viatu alikuwa kaka fulani. Sote tulizoea, isipokuwa mmoja.

"Kaka Gaspar," alianza jioni moja, "mbona joho lako limechanika pindoni?"

"Mimi si kaka yako," Gaspar akasema. Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayesahihisha hesabu. Akajivuta joho lake, akapanda juu.

Ikabidi nimweleze mimi. Joho la mwanafunzi linachanwa na watu wanaompenda, nikamwambia, na linachanwa kwa meno. Mkasi ni haramu. Upande wa kulia wanachana marafiki. Upande wa kushoto wanachana ndugu wa damu, baba, mama, shangazi. Katikati, mgongoni, anachana mpenzi.

"Lako katikati halina kitu," akasema akinigeuza.

"Kula supu yako."

Yaliyobaki aliyapata kwa Bi Zulmira, ambaye amepika katika nyumba ile tangu baadhi yetu hatujazaliwa na anajua kila aliyelia kwenye kila kiti. Baba yake Gaspar alikuwa mfugaji na mtengeneza jibini huko kwenye vilima vya Seia. Siku mwanawe alipovaa joho mara ya kwanza, mzee alishuka mjini na viatu vipya, akauma pindo la kushoto mbele ya watu wote, akavuta, na meno yake ya bandia yakabaki yamening'inia kwenye kitambaa. Uwanja mzima ulicheka, na mzee alicheka kuliko wote. Alifariki majira ya baridi, miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo Gaspar hajalivua joho, mvua ije, jua lije, hata Julai wakati lami inayeyuka. Amebakiwa na mitihani miwili amalize sheria, na kila mwaka anajiandikisha na haendi.

"Na nani alimvua nyeusi?" Natércia akauliza.

Mimi nilikuwa naosha vyombo, nikageuka. Bi Zulmira naye akaacha kumenya viazi.

"Kumvua vipi, mwanangu? Mtu mzima anavuliwa nguo?"

"Kwetu mfiwa anavaa nyeusi mwaka mmoja. Mwaka ukiisha hajivui mwenyewe, hata akitaka. Ndugu zake wanakuja wanamvua, wanapika, watu wanacheza mpaka kunakucha. Asiye na ndugu wa kumvua, ataivaa mpaka lini?"

"Mpaka ioze," Bi Zulmira akasema, akarudi kwenye viazi vyake.

Natércia hakuuliza zaidi. Ningemjua vizuri, ule ukimya ungenitia wasiwasi.

Kura ilipangwa Jumapili ya mwisho ya Novemba. Jumamosi, siku moja kabla, lilitoka jua, baada ya wiki nzima ya mvua, na gari la kuni likafika. Kupakua kuni ni kazi ya vibanzi na misumari, kwa hiyo kwa mara hiyo moja Gaspar alivua joho lisije likachanika, akalitundika kwenye msumari wa mlango wa jikoni, akashuka na Tomé na wengine kuchukua shehena ya pili upande wa stesheni. Mimi nilikwenda sokoni kununua vitunguu.

Niliporudi nilipitia uani. Nikaona maji meusi yanatiririka kwenye mfereji. Nikayafuata kwa macho mpaka kwenye kamba ya kuanikia, na kwenye kamba, likiwa limetandazwa vizuri kama shuka la bibi harusi, linadondosha matone tap, tap, tap, lilikuwa joho la Gaspar. Chini yake amesimama Natércia, mikono mitupu hadi viwiko, myekundu kwa baridi, anatabasamu. Jikoni kulikuwa na harufu ya kuku.

Vitunguu vikaniponyoka.

"Natércia! Umefanya nini?"

"Nimelifua. Dada, ungeona! Matope, divai, nta ya mshumaa, na kitu kingine sikukijua, labda mayai."

"Halifuliwi!"

"Hata siku ya jua? Hata kwa sabuni?"

"Kwa chochote! Joho halifuliwi. Mvua ndiyo inayolifua, basi. Ukilifua umefua yote yaliyompata mwenyewe, miaka yake yote."

Tabasamu likamtoka taratibu. "Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Kila mtu anajua!"

"Kila mtu yupi?" akauliza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, swali lake halikuwa la kutaka kujua. Lilikuwa la kuomba.

Kitu kinachojulikana na wote ndicho ambacho hakisemwi na yeyote. Nilikuwa nimemweleza upande wa rafiki na upande wa ndugu, nimemweleza meno, nimemweleza mkasi, na hili la kufua halikunipitia akilini, kama vile usivyomwambia mgeni asile sahani. Na kwa vile mtoto wa mji wa sufu hawezi kuacha asili, jambo la kwanza nililouliza lilikuwa la kipuuzi.

"Maji ya moto au ya baridi?"

"Ya baridi. Sufu na maji ya moto wapi na wapi? Hata mbuzi anajua."

Tukasikia miguu kwenye ngazi za uani. Gaspar aliingia wa kwanza amekumbatia kuni, vumbi la mbao nywele nzima. Akaona. Hakuzitupa zile kuni, alizipanga chini moja moja, nami ningeona afadhali angezitupa. Akaiendea kamba, akalishika joho kwa mikono miwili, akalitia usoni, akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Lilikuwa na moshi wake," akasema.

Habari hiyo sote tuliijua: mara ya mwisho alipoagana na baba yake, mzee alikuwa ametoka kwenye chumba cha jibini, moto unawaka, akamkumbatia mwanawe na joho lake kwa pamoja.

"Nani?" Gaspar akauliza.

"Mimi, kaka Gaspar. Nilitaka..."

"Nimekwambia mimi si kaka yako." Kisha akatugeukia sisi. "Kesho mnajua glasi yangu itakaaje."

Akapanda ngazi, na mlango wa chumba chake ukafungwa.

Natércia alikaa juu ya kuni. Nilimweleza habari ya ule moshi kwa kuwa aliuliza, na kwa kuwa nilikuwa na hasira naye na huruma naye kwa wakati mmoja na sikujua nianze na ipi. Alilia bila kujificha, machozi yanamdondoka kwenye mikono ile myekundu.

"Nilitaka kumtua mzigo," akasema. "Kumbe nimemwibia."

Yule kuku alikuwa wa karamu. Alimnunua kwa hela zake, ampikie mtu aliyevuliwa msiba. Hakuna aliyemgusa isipokuwa Tomé, aliyekula paja moja akiwa amesimama, kwa huzuni, akisema si haki kuku afe bure. Alasiri mawingu yakarudi. Tukaliingiza joho ndani, tukalitandika juu ya viti viwili mbele ya jiko la kuni, la sivyo lingekauka Pasaka. Natércia akaenda zake ng'ambo ya mto bila kuuliza swali lolote.

Asubuhi nilishuka kutafuta kahawa, nikakuta mtu amenitangulia. Gaspar alikuwa ameketi mbele ya jiko na sweta kuukuu la rangi ya haradali, nililokuwa sijawahi kuliona, moto unawaka vizuri. Alionekana mdogo bila joho. Na jikoni kote kulikuwa na harufu nzito, ya mafuta mafuta, iliyonisimamisha mlangoni kwa sababu niliijua tangu utotoni. Sufu hata uifanye nini, uitie rangi, uishone, uivalishe wakili, ikilowa kisha ikapata moto, kondoo anarudi.

"Linanuka kondoo," Gaspar akasema bila kugeuka.

"Sufu ndivyo ilivyo. Covilhã mvua ikinyesha, mji mzima unanuka hivyo."

"Ndivyo alivyokuwa ananuka asubuhi. Ametoka kukamua, mvua imemnyeshea, anasimama mbele ya moto anatoa mvuke, mama anamgombeza." Akachokoa moto. "Unajua, Salomé, miaka mitatu nimekuwa nikilinusa hili joho nikidhani namnusa yeye. Jana usiku nilifikiri vizuri. Lilikuwa linanuka divai ya Tomé."

Nilicheka, nikashindwa kujizuia. Yeye hakucheka, lakini hakunifukuza pia. Nikamimina kahawa mbili.

"Kwa hiyo glasi?" nikajaribu.

"Glasi nimeshasema."

Ukaidi wa watu wa Seia haupimiki. Nilikunywa kahawa yangu nikimchukia kidogo.

Chakula cha mchana kilikuwa samaki wa chumvi na viazi, na hakuna aliyekisifu. Natércia alikuja kwa wakati, nywele zimechanwa, shati jeupe limenyooshwa kama la kwenda kanisani. Alikula kidogo. Bi Zulmira alipoondoa sahani, jambo ambalo si kawaida yake kufanya siku ya kura, alipita nyuma ya kiti cha yule mtoto akamgusa bega.

Tukaweka glasi. Tomé alianza, akaisimamisha yake kwa kishindo. Mimi nikafuata, na wengine wanne wakafuata. Glasi sita zikawa zimesimama. Ya Gaspar ilikuwa imefunikwa tangu kabla hatujaketi. Aliifunika mwenyewe wakati wa kuandaa meza, na tulikula mlo mzima tukiitazama.

"Bwana wee," Tomé akasema taratibu. "Mtoto alikosea. Mfikirie kidogo."

"Sijamaliza," Gaspar akasema.

Akainuka, akaenda kwenye jiko, akarudi na joho. Lilikuwa limekauka. Lilikuwa jepesi zaidi, na jeusi kweli kweli, weusi ambao hatukujua kwamba lilikuwa nao. Akalilaza mapajani mwa Natércia.

"Umefua kila kitu," akamwambia. "Mipasuko haikufulika. Basi weka wako. Kulia, upande wa marafiki. Ukishachana, glasi naigeuza."

Pumzi zikatutoka sote. Nilitaka kuruka juu ya meza nimkumbatie yule mkaidi. Natércia alilishika pindo, akalitazama.

"Kwa meno?"

"Kwa meno."

"Mate je, hayadhuru?"

"Natércia!" nikasema. "Uma!"

Akalizungusha joho mapajani, akalitafuta pindo pole pole, na nikaona vidole vyake vinakwenda kushoto. Nikampiga teke chini ya meza.

"Kulia," nikamnong'oneza. "Upande wa pili!"

"Nakumbuka ulivyoniambia, dada Salomé. Kulia rafiki, kushoto ndugu." Macho aliyaelekeza kwa Gaspar. "Kwetu rafiki hamvui mtu nyeusi. Ni ndugu tu. Mimi nimeshakuvua, bila kukuuliza. Nikichana kulia nitakuwa nimekuvua kama mwizi. Afadhali nikose chumba."

"Wewe mtoto una wazimu," Tomé akasema.

Nilitamani meza ipasuke inimeze. Mtu amepewa alichokuja kukitafuta kutoka upande wa pili wa dunia, yuko mlangoni, na anasimama kujadili kizingiti! Nikafikiria yule nyati. Nikafikiria ukoo mzima umekaa Maubisse umeshiba. Hakuna aliyethubutu kumtazama Gaspar, kwa hiyo sote tulitazama glasi yake iliyofunikwa.

Gaspar aliinama. Akalishika lile pindo la kushoto, akapitisha kidole gumba kwenye mipasuko iliyokuwapo: mmoja wa mama yake, mmoja wa shangazi, na mmoja mrefu, umepinda, wa mtu aliyevuta kwa meno ambayo hayakuwa yake.

"Huu wa baba," akasema. "Usiukaribie sana."

"Niache nafasi kiasi gani?" Natércia akauliza.

"Vidole viwili."

Akapima vidole viwili. Akauma. Kitambaa kile ni kigumu, hakichaniki kwa kubembelezwa. Alitikisa kichwa huku na huku kama mbwa mdogo na kiatu, mashavu yakamjaa damu, tukaanza kumhimiza kwa makofi ya meza, vuta, vuta, hata Bi Zulmira alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo kifuani. Kisha ikasikika krrr, ndefu, na Natércia akaanguka nyuma na kiti chake.

Aliinuka na uzi mweusi mdomoni.

"Hebu hesabu meno," Tomé akamwambia. "Nyumba hii watu huacha meno."

Hapo Gaspar akacheka. Alianza kwa pua, ikaja ya kifua, akacheka mpaka akashika meza, na katikati ya kicheko uso ukageuka na kikawa kilio, kilio cha mtu mzima, kibaya, chenye sauti. Tulimwacha alie. Alipomaliza alijifuta kwa mkono wa sweta lake la haradali, akanyoosha mkono, akaisimamisha glasi yake.

"Mimina," akamwambia Tomé.

Joho alilichukua mwenyewe kutoka mikononi mwa Natércia. Tulidhani atalivaa. Alilikunja mara mbili, akalitundika kwenye msumari wa mlango, akasema anakwenda kutembea mpaka mtoni kabla mvua haijaanza. Kupitia dirishani tuliona sweta la haradali linashuka ngazi, na watu wawili watatu waliomjua wakigeuka kumtazama.

Natércia alikuwa ameshafungua dirisha na kuinama nje nusu mwili.

"Kaka Gaspar!" akapiga kelele. "Hutasikia baridi?"

Gaspar akasimama, akatazama juu.

"Nitasikia," akajibu, na safari hii hakumsahihisha.